Bunduki Tatu za Twila

Mke wangu Twila alipofikisha miaka hamsini na minane aliamua kuingia kwenye mashindano ya bunduki tatu, na mtu aliyemwendea kumuuliza anunue nini hakuwa mimi. Nalisema hili mwanzoni kabisa msije mkadhani nasimulia kwa roho safi. Roho yangu haikuwa safi. Kwa miezi mitatu ilijaa wivu mtupu, na hata leo nikimwona Galen Pospisil anapita na pikapu yake naisikia inanichoma chini ya mbavu.

Hapa Oxbow, magharibi mwa Nebraska, kila mtu anajua kwamba ukitaka kuanza mchezo huu unakwenda kumwona Delmar Rasch. Delmar ndiye mimi. Niko kwenye klabu miaka kumi na tisa, na mwaka wowote ule hamnikosi kwenye watatu wa juu. Mchezo wenyewe hauna siri. Unaanza na bunduki ya marisau, unaangusha mabamba ya chuma, unaitumbukiza kwenye pipa. Unakimbia, unachukua raifo, unapiga shabaha za mbali, unaiacha nayo kwenye pipa lake. Unakimbia tena, unachomoa bastola kiunoni na kumalizia zilizobaki. Mwamuzi yuko nyuma yako na saa. Mwenye kasi asiyekosa ndiye mshindi, na mwenye kasi anayekosa ni mtu wa kuchekwa.

Twila alizaliwa kwenye shamba la nguruwe, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Emil Vondra. Tulioana akiwa na miaka ishirini na miwili, ukumbini nyuma ya kanisa, ngoma ya polka ikapigwa mpaka kisigino cha kiatu chake kikang'oka akamaliza kucheza peku. Baada ya hapo akaingia jikoni kwa shule ya mji, na humo alikaa miaka ishirini na saba. Kila Alhamisi alipika chili ya nyama na maharage, na pembeni mkate wa mdalasini, kama Mungu alivyoagiza watoto wa Nebraska wale. Mpaka leo wanaume wenye ndevu wanamsimamisha dukani kumuuliza kama Alhamisi hii anaoka. Serikali ilimpa bajeti ya kulisha watoto tisini, naye akalisha mia moja na arobaini, na hakuna aliyetoka analalamika. Hatupi kitu. Nyumbani kwetu kuna mitungi mitupu ya kachumbari mingi kuliko vikombe.

Na miaka yote kumi na tisa ya mashindano yangu alikuja nami. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, chupa ya kahawa miguuni, akinishikia mkoba na kuandika muda wangu kwenye daftari. Hakuwahi kupiga hata risasi moja. Nikajiambia hapendi.

Sasa sikilizeni. Mwaka juzi, mwezi wa pili, tukiwa mezani, akaniuliza, "Delmar, mtu anayeanza anahitaji vitu gani?"

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilikwenda bandani kwangu nikaandika siku mbili. Kurasa tatu, mstari kwa mstari mpaka chini. Nilimwekea bunduki ya marisau ya Kiitaliano inayojipakia yenyewe, raifo yenye mtutu wa shindano, darubini za aina mbili, bastola iliyofanyiwa kazi na fundi wa Omaha, mkanda wa safu mbili, kigari cha kubebea chenye matairi ya upepo. Chini kabisa nikapiga hesabu: dola elfu kumi na moja na kitu. Pikapu yetu yenyewe haifiki hapo. Twila alisoma kurasa zote tatu, akazikunja, akasema, "Asante." Akazitia kwenye droo ya mapishi na habari ikaishia hapo. Nikaona amekata tamaa mwenyewe, na kusema kweli sikuumia sana. Nani angenishikia mkoba?

Mwaka ukapita. Februari nyingine nikafungua friji kutafuta maziwa, nikakuta karatasi imebanwa mlangoni kwa sumaku. Herufi kubwa kubwa, zile zile zilizoandikwa kwenye vibao vya kila barabara ya vumbi iliyofungwa wilaya hii kwa miaka thelathini. Mwandiko wa Galen Pospisil, dereva mstaafu wa greda. Iliandikwa hivi: UNA NINI NYUMBANI? ANZA HAPO. USINUNUE KINGINE MPAKA UMALIZE MASHINDANO MAWILI.

"Hii nini?" nikauliza.

"Karatasi," akasema Twila, huku anakanda unga.

"Naona ni karatasi. Ya nani?"

"Ya Galen."

"Galen anatafuta nini kwenye friji yangu?"

"Friji yetu. Na ndani hajaingia, yuko mlangoni tu."

"Twila, mbona hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza."

"Lini?"

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto anayerudi kwenye foleni akidai hajapata mkate. "Kunywa maziwa yako, Delmar," akasema.

Galen alifiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Ana miaka sitini na mitatu, mrefu, mpole mpaka anakera, na ana nywele. Nywele nyeupe, nyingi, zimelala upande mmoja zenyewe bila kuambiwa. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi zangu zilikwisha nikiwa na arobaini. Lakini kwenye mashindano Galen ni mtu wa kumi na mbili. Kila mwezi, wa kumi na mbili, na bunduki iliyomzidi umri binti yetu. Mtu wa kumi na mbili anamfundisha mke wa mtu wa tatu! Nililala na sentensi hiyo na kuamka nayo.

Vitu vikaanza kutembea nyumbani. Kwanza ikaondoka bunduki ya marisau ya mzee Emil, ile ya kuvuta kwa mkono aliyowindia kware na bata. Ilikuwa kabatini mwetu miaka thelathini, na mimi, mtaalamu, sikuwahi hata kuifungua. Galen akaifungua, akatoa ndani kile kijiti cha mbao ambacho sheria inawataka wawindaji wa bata wakiweke ili bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu. Kijiti kikatoka, bunduki ya mkwe wangu ikameza sita. Gharama yake: hakuna.

Bastola ikawa ile ile ya droo ya chumbani kwetu. Raifo aliinunua kwa mwalimu mstaafu wa sayansi, ya kawaida kabisa, kwa dola mia nne na ishirini alizopata kwa kuuza mikate ya mdalasini. Ala ya bastola, ule mfuko wa kuichomekea kiunoni, alichukua ya plastiki, ya bei poa, akaifunga mwenyewe kwenye mkanda kwa skrubu mbili. Pedi za magoti zilikuwa za bustanini. Na risasi za marisau, ambazo sisi tunazibeba kwenye vishikio vya dola mia na hamsini, yeye alichukua aproni yake ya turubai ya jikoni kwa shule, akaikata, akaipitisha kwenye cherehani, ikatoka na mifuko midogo ambamo risasi zinakaa mbili mbili, vichwa chini.

"Hiyo aproni itamchekesha kila mtu," nikamwambia.

"Wacheke. Nimewalisha wote."

Jumanne na Ijumaa jioni alikwenda kwa Galen. Mke wangu ni mtu mzima, siwezi kumfungia. Nilichoweza ni kupita na pikapu. Nikapita mara moja, nikapita mara mbili, ya tatu nikasimama. Na hapo ndipo nilipokisikia kicheko. Twila ana vicheko viwili. Kimoja ni cha watu wote. Kingine kinaishia na mkoromo kama wa nguruwe wa baba yake, naye hukionea aibu, hakitoi ila kwa mtu anayemwamini. Mimi mwenyewe nilikuwa sijakisikia tangu Janelle, binti yetu, aolewe. Kilikuwa kinatoka kwenye banda la Galen Pospisil.

Miguu ikanipeleka mpaka mlangoni. Twila alikuwa amevaa aproni, anachomoa risasi bandia mbili mbili na kuzisukuma tumboni mwa bunduki, na Galen ameshika saa.

"Karibu, Delmar, ingia ndani," Galen akasema.

"Nimefuata jeki yangu."

"Jeki yako uliichukua Oktoba."

"Basi nimepita kuhakikisha kama niliichukua."

Twila akafunga mdomo kuzuia kicheko, na sikujua ni kipi kati ya viwili. Nikarudi nyumbani nikala mkate mkavu nimesimama. Roho iliniuma vibaya sana. Si kwamba nilidhani kuna jambo la aibu baina yao. Ningedhani hilo ningelala afadhali, maana mtu huyo angekuwa mwizi na mwizi anajulikana dawa yake. Nilichokuwa nachelea kilikuwa kidogo na kibaya zaidi. Kwa miaka thelathini na sita, Twila alipokuwa hajui kitu aliniuliza mimi. Sasa alikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, na mtu huyo alikuwa anajibu vizuri.

Mjini nako hakukuwa na huruma. Corky Dahl, muuza chakula cha mifugo, niko hatua tatu kutoka mlangoni kwake, yeye anaanza, "Delmar! Nasikia mkeo kapata kocha."

"Kocha gani?"

"Yule mwenye nywele."

Ikafika Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya shindano la Twila la kwanza. Kabla sijaendelea, mjue sheria mbili ambazo klabu yetu haina msamaha nazo. Ukiangusha bunduki, umeondolewa kwa siku hiyo. Ukishika bunduki mahali popote ila kwenye meza ya usalama, au bila mwamuzi kukuamuru, umeondolewa vile vile, uwe bingwa uwe mgeni. Mimi mwenyewe kama mwamuzi nimewaondoa watu kumi na mmoja, na sikumwonea haya hata mmoja. Na desturi yetu ni kwamba aliyeondolewa haendi nyumbani kujificha. Anabaki mpaka jioni, anabandika vibandiko kwenye matundu ya shabaha za wenzake na kusimamisha mabamba ya chuma yaliyoanguka. Watu huwa wapole kwake siku hiyo, na upole huo ndio unaoumiza.

Tulifika saa moja asubuhi, upepo wenye mchanga unavuma. Twila akashusha kigari chake. Kilikuwa kile kigari cha magurudumu matatu tulichomsukumia Janelle alipokuwa mchanga. Mahali alipokaa mtoto sasa bunduki mbili zimesimama, mitutu juu, na bastola iko kwenye mkoba wake pale pa kuwekea chupa ya maziwa.

"Mama, mtoto ana miezi mingapi?" Corky akapiga kelele.

"Huyu hanyonyi kama wewe ulivyokuwa, Corky," Twila akajibu, na kundi zima likacheka, na Galen akacheka, na mimi nikachelewa kucheka.

Twila alikuwa amesimama nyuma ya pikapu anafunga mkanda. Ala ilikuwa tupu. Nikaitazama, na nikaona. Skrubu ya juu ilikuwa imejitoa nusu, na ya chini imeanza kuinama. Hazikuwekwa gundi ya kuzizuia zisilegee. Galen alikuwa amesahau kumwambia, au hajui. Mtu wa kumi na mbili. Mtu akikimbia mara moja au mbili na ala hiyo, inatikisika, inashuka na bastola yake mpaka chini.

Nilifungua mdomo. Halafu nikamwona Galen kule mbele, kofia mkononi, upepo unazichezea zile nywele, anatupungia. Nikaona yote kwa mara moja: bastola inaanguka, Twila anaondolewa shindano lake la kwanza, watu wanauliza nani alimshauri ala ya plastiki. Na Galen ndiye mwamuzi wa kundi letu. Angemwondoa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Halafu Twila angerudi nyumbani, na jioni moja mezani angeniuliza, "Delmar, hivi ala nzuri ni ipi?"

"Kuna upepo leo," nikasema.

"Upo," akasema Twila.

Basi. Nilinyamaza. Mtu mzima, mume, mwamuzi wa miaka kumi na tisa, nikanyamaza.

Kituo cha kwanza hakikuhitaji bastola, marisau na raifo tu. Nilipiga vizuri kuliko siku nyingi. Wivu una nguvu zake. Twila alipiga polepole, akakosa mabamba mawili, akamaliza. Wanawake waliokuwa wamekuja na waume zao, wamekaa kwenye viti vya kukunja, wakasimama kumpigia makofi. Mimi nilipiga pia. 

Kituo cha pili ndicho kilichokuwa na mbio. Unaanza na bastola kiunoni, imepakiwa, unakimbia hatua ishirini na tano mpaka kwenye pipa la kwanza. Twila alikwenda kwenye meza ya usalama, akaitia bastola tupu kwenye ala, akarudi kusimama kwenye foleni. Mbele yake kulikuwa na Corky peke yake. Twila alifumba macho. Kidole chake kilikuwa kinahesabu hewani: "Manne, pakia mawili, manne, kimbia..." Alikuwa anahesabu hivyo hivyo jikoni kwa shule, trei kwa trei, midomo ikicheza, ili asimnyime mtoto hata mmoja.

Nikaangalia kiunoni kwake. Skrubu ya juu haikuwepo. Ya chini ilikuwa imening'inia kwa uzi wa mwisho.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitubu. Sikupata muda wa kutubu. Niliona tu kwamba baada ya dakika tatu bastola hiyo itakuwa na risasi kumi na saba, na itakuwa inaruka ruka karibu na paja la Twila, na mkono ukaenda wenyewe. Nikaichomoa bastola kwenye ala kwa mkono wa kushoto, kwa wa kulia nikatoa bisibisi ndogo ya kwenye funguo zangu, nikainama, nikakaza. Mzunguko mmoja, wa pili. Nikapapasa mfukoni nikapata skrubu nyingine, maana mimi sikosi skrubu, nikaipachika juu.

Kisha nikasikia kwamba Corky amenyamaza. Corky hanyamazi.

"Delmar," Galen akasema.

Nikainua kichwa. Kundi zima, watu kumi na wawili, wananitazama mkono wa kushoto.

"Una nini mkononi, Delmar?"

"Bastola."

"Tuko kwenye meza ya usalama?"

"Hapana."

"Kuna mtu aliyekuamuru?"

"Hapana, Galen."

 Uso wa Galen ulikuwa mwekundu mpaka masikioni, na niliona kwamba hapendi, hapendi hata kidogo, na hilo nalo likaniudhi. Hata kufurahi hakutaka kufurahi! Akasema yale maneno ambayo mimi nimewaambia watu kumi na mmoja. "Bwana Delmar Rasch, samahani, umeondolewa kwenye shindano la leo." Akaichukua bastola kwa vidole viwili, akamkabidhi Twila. "Nenda nayo mezani uihakikishe, mama, urudi. Hakuna haraka."

Twila aliitazama ala, akaitazama skrubu mpya inayong'aa, akanitazama mimi. Akaipeleka bastola mezani.

Corky akaniwekea mkono begani. "Pole, kaka," akasema, na hakuongeza mzaha wowote. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Nikachukua kopo la vibandiko. Twila akaitwa, saa ikalia, akakimbia. Anakimbia vibaya, viwiko vimetoka nje, na ile aproni inampiga mapajani. Lakini risasi zilitoka kwenye ile mifuko mbili mbili bila hata moja kuanguka. Wenye vishikio vya dola mia na hamsini siku ile waliokota zao mchangani. Bunduki ya mzee Emil ilimeza sita na kutapika sita. Ala haikucheza. Alipofika mwisho akachomoa bastola, akasimama wima, akapiga polepole kama mtu anayegawa chakula. Sekunde tisini na nne. Mimi kituo hicho ningekipiga kwa arobaini. Nikaenda kubandika matundu yake, na nikakuta shabaha baada ya shabaha yamekaa mawili mawili, karibu karibu, pale pale yanapotakiwa.

"Hakukosa ya bastola hata moja," Galen akasema nyuma yangu, anaandika.

"Naona," nikasema.

"Ile gundi ya skrubu mimi sikuifikiria, Delmar. Kosa langu."

"Ndiyo, kosa lako," nikasema, na sikujisikia vizuri kama nilivyotarajia.

Mchana Twila alifungua bati lake akagawa mikate ya mdalasini. Galen alipewa wa pembeni, ule wenye sukari nyingi. Mimi nilipewa wa katikati. Jioni matokeo yakasomwa: Galen wa kumi na mbili, Twila wa mwisho ila mmoja, jina langu halikusomwa.

Tulirudi nyumbani mimi nikiendesha. Tulipita mizani ya mahindi, tukapita shamba la kina Vondra ambalo sasa ni la watu wengine, ndipo akasema.

"Uliiona lini ile skrubu?"

Jibu zuri lilikuwepo, limekaa ulimini. Pale pale kwenye foleni, mpenzi, nikashtuka nikaikaza. Ningekuwa shujaa aliyetoa shindano lake kwa ajili ya mkewe, na mji mzima ungeunga mkono.

"Asubuhi," nikasema.

"Najua. Nilikuona. Uliangalia kiunoni kwangu, ukaangalia kwa Galen, ukaniambia kuna upepo."

"Kama ulijua kuna kitu, mbona hukuuliza?"

"Sikujua ni nini. Nilijua tu umeona kitu. Nikasema nitamngoja aniambie." Akakunja aproni mapajani, mara moja, mara mbili. "Nimekungoja kituo kizima, Delmar."

"Na ningenyamaza mpaka mwisho?"

"Ningeondolewa. Ningebandika matundu kama wewe. Na wewe ungerudi nyumbani na mke anayejua."

Niliendesha kama maili mbili bila kuona barabara. "Nilikuwa na wivu," nikasema. "Nilikuandikia kurasa tatu, Twila. Siku mbili niliandika. Yeye kakuandikia mistari mitatu, ukaibandika kwenye friji."

"Nilizisoma zako zote. Nilikuwa na dola mia saba, na ulijua ninazo mia saba, maana nilikuhesabia mbele yako. Ukaniletea elfu kumi na moja. Nikaona unaniambia nikae kwenye kiti changu."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Nusu yako haikuwa na maana hiyo," akasema.

 Alikuwa amepima sawasawa, kama apimavyo unga, bila mizani.

Nyumbani nilikiingiza kigari cha Janelle bandani, nikazifungia bunduki kabatini. Nilipoingia jikoni alikuwa mezani, mkanda mbele yake, na ile droo ya mapishi iko wazi. Kurasa zangu tatu zilikuwa nje. Alikuwa amezigeuza, na nyuma yake kulikuwa na michoro ya penseli: aproni, mifuko, vipimo vya risasi, mishale ya mahali pa kupitisha sindano. Karatasi haitupwi nyumba hii.

Akaigusa ile skrubu kwa kidole.

"Hizi zisilegee tena," akasema, "zinataka nini?"

Moyo ulinipiga kama saa ya Galen imelia. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na ala ya chuma ya Texas, nilikuwa na bisibisi ya kupimia nguvu, nilikuwa na mkanda wa safu mbili, na bei za vyote ziko kichwani. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Tone moja moja la gundi ya skrubu," nikasema. "Basi."

"Bei gani?"

"Tunayo nyumbani. Iko bandani, rafu ya juu, kwenye kopo la kahawa."

"Kailete," akasema Twila.

Nikatoka kuileta, na pale uani, mzee mzima mwenye kipara, nilikuwa nakimbia.